Vigogo ni wanawake, mbona bunge limerudi nyuma?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Likoni, niko Göteborg mwaka wa kumi na nne sasa, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Juni 2024 nilipiga kura ya Bunge la Ulaya kwa mara ya kwanza. Hapa Sweden chama cha Kijani na chama cha Kushoto vilipanda, na wabunge tuliowapeleka wengi ni wanawake, nikalala nimefurahi. Asubuhi redio inasema wanamageuzi wameanguka na usawa wa kijinsia uko hatarini. Lakini rais wa Kamisheni, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, ni mwanamke, spika wa Bunge ni mwanamke, mkuu wa sera za nje ni mwanamke, Italia inaongozwa na mwanamke. Nani mkweli? Na huko Brussels, makao ya Umoja huo, kuna jambo gani linalomgusa mtu kama mimi, ambaye nimegundua kwamba kijana wa kiume niliyemfundisha kazi kwa mikono yangu analipwa kunizidi?"

Marahaba, mwanangu. Redio haikudanganya, na wewe hukujidanganya. Mlikuwa mnatazama mahali pawili tofauti. Swali lako la mwisho, lile la mshahara, linatazama mahali pa tatu ambapo wachache hupatupia jicho, na huko ndiko nitakakokaa zaidi. Kwanza tuweke hesabu sawa.

Kura ya tarehe 6 hadi 9 Juni 2024 ilipigwa katika nchi 27 kujaza viti 720. Kijani, waliokuwa na viti zaidi ya 70, walibaki na 53. Waliberali wa kundi la Renew walikuwa wamevuka 100, wakashuka hadi 77. Wasoshalisti walipata 136, karibu palepale walipokuwa. Wahafidhina wa kundi la EPP waliongoza kwa viti 188, na kulia kwao yakajipanga makundi matatu: Wazalendo wa Ulaya 84, ECR 78, na kundi dogo linalokijumuisha chama cha AfD cha Ujerumani, 25. Jumla ya hayo matatu ni viti 187. Shika hesabu hiyo, tutairudia.

Anguko lile lilitoka kwa sehemu kubwa katika nchi mbili zenye viti vingi. Ujerumani, Kijani walikuwa wamepata asilimia 20.5 mwaka 2019. Mwaka 2024 wakaambulia 11.9. Ufaransa wakatoka 13.5 hadi 5.5, huku chama cha Marine Le Pen, cha mrengo mkali wa kulia, kikizoa asilimia 31.4, na usiku uleule Rais Macron akalivunja Bunge la nchi yake. Lakini ukipanda kaskazini hali ilikuwa nyingine kabisa. Kwenu Sweden, chama cha Kushoto kilipata kama asilimia 11, Kijani karibu 14, na Wademokrasia wa Sweden, wa mrengo mkali wa kulia, wakarudi nyuma hadi 13. Denmark, chama cha kwanza kilikuwa SF, cha mrengo wa kushoto na mazingira, kwa asilimia 17.4. Finland, Muungano wa Kushoto ulifika 17.3, na mgombea wao Li Andersson peke yake akapata kura zaidi ya 247,000, nyingi kuliko mgombea yeyote aliyewahi kusimama huko katika uchaguzi wa Ulaya. Kwa hiyo furaha yako ya usiku ule ilikuwa na msingi. Ni kwamba Sweden ina viti 21 na Ujerumani ina 96.

Sasa wanawake. Mwaka 1979, Ulaya ilipochagua Bunge lake moja kwa moja kwa mara ya kwanza, wanawake walikuwa kama asilimia 16. Spika wa kwanza wa Bunge hilo la kuchaguliwa alikuwa Simone Veil, mama aliyenusurika Auschwitz na ambaye, akiwa waziri wa afya wa Ufaransa, alisimamia sheria ya mwaka 1975 iliyoruhusu utoaji mimba. Tangu hapo kila uchaguzi uliongeza wanawake, miaka 40 mfululizo, hadi wakakaribia asilimia 41 mwaka 2019. Mwaka 2024 wakashuka hadi kati ya 38 na 39. Punguzo lenyewe ni dogo, nakubali. Uzito wake ni kwamba ni la kwanza. Watu wengi walikuwa wameanza kuamini kwamba idadi hiyo hupanda yenyewe kama maji ya bahari mwezi mpevu, kumbe inapandishwa na watu.

Nchi nazo hazikufanana. Sweden ilipeleka wanawake 13 kati ya 21. Malta ilipeleka mmoja kati ya sita, naye ndiye Roberta Metsola, spika mwenyewe. Cyprus ilipeleka wanaume sita, bila mwanamke hata mmoja.

Sababu ya kushuka haihitaji ramli. Vyama ambavyo kwa miaka mingi vimekuwa vikiwapanga wanawake juu kwenye orodha, yaani Kijani na mrengo wa kushoto, vilipoteza viti katika nchi kubwa. Vilivyokua ni vile ambavyo wanawake ni wachache ndani yake, na mfano mkali ni AfD: katika Bunge la Ujerumani lililochaguliwa Februari 2025, takriban mmoja tu kati ya kila wabunge wanane wa chama hicho ni mwanamke. Bunge zima likashuka kutoka karibu asilimia 35 hadi 32.

Hapa nataka nikuonyeshe jambo ambalo kwangu ni la thamani kuliko takwimu zote hizi. Chama cha Le Pen kilipeleka Brussels wabunge 30, na karibu nusu ni wanawake. Si kwa kuwa chama hicho kimebadilika moyo. Ufaransa ina sheria tangu mwaka 2000 inayotaka orodha ya uchaguzi wa Ulaya ipishanishe mwanamume, mwanamke, mwanamume, mwanamke, kuanzia juu hadi chini, na orodha isiyofanya hivyo haipokelewi. Haipokelewi, basi. Majuma manne baadaye nchi hiyohiyo ikachagua Bunge lake la taifa. Huko sheria ileile hutoza faini tu kwa chama kisichosimamisha wanawake wa kutosha, na matokeo yake wanawake wakapungua kutoka 215 hadi 208 kati ya wabunge 577. Wananchi ni walewale, vyama ni vilevile, kiangazi kilekile. Kilichotofautiana ni kama sheria ina meno au ni kibogoyo.

Wewe wa Likoni hili unalijua bila kuelezwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilisema jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe, na Bunge la Nairobi likaipiga danadana sheria ya kuitekeleza mpaka Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Kanuni isiyo na adhabu hubaki pambo la katiba, Nairobi kama Paris.

Nirudi kwa vigogo uliowataja, maana swali lako ni la haki na wengi huliuliza wakidhani limejijibu. Meloni alipoingia madarakani Oktoba 2022, mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa Italia, uchaguzi uleule uliompandisha ulipunguza wanawake bungeni. Kwenu Sweden ni kinyume chake: wanawake wamekuwa karibu nusu ya Riksdag, bunge lenu, kwa miongo kadhaa, lakini nchi ilisubiri hadi Novemba 2021 kumpata waziri mkuu mwanamke, Magdalena Andersson, naye akajiuzulu saa chache baada ya kuchaguliwa na kurudishwa siku tano baadaye. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na kilele bila shina, au shina bila kilele. Mimi nikiambiwa nichague, nachagua shina, kwa sababu sheria hupitishwa kwa hesabu ya mikono.

Tazama pia jinsi Kamisheni ya sasa ilivyoundwa. Ursula von der Leyen, rais wake, aliyepewa muhula wa pili kwa kura 401 tarehe 18 Julai 2024, aliziomba serikali zimpelekee kila moja majina mawili ya wanaofaa kuwa kamishna, la mwanamume na la mwanamke, naye achague. Karibu zote zilimpelekea jina moja, na mara nyingi lilikuwa la mwanamume. Bulgaria ndiyo iliyopeleka mawili. Ikabidi azibembeleze, wengine wanasema azibane, mpaka Romania ikabadili jina na kumleta Roxana Mînzatu, Slovenia ikamleta Marta Kos. Mwishowe wakawa wanawake 11 kati ya 27. Mwanamke mwenye cheo kikubwa kuliko wote Brussels aliomba jambo la kawaida kabisa, na serikali zilizochaguliwa na wananchi zikampa kisogo. Nilipokuwa nikifuatilia siku zile niliumia, nakiri, kwa sababu miongoni mwa serikali zilizomkatalia zilikuwamo zinazojinadi kwamba ni za mfano.

Jambo jingine lililopita kimya: mwaka 2019 Kamisheni ilikuwa na kamishna wa usawa peke yake, Helena Dalli wa Malta, ambaye kazi yake ilikuwa hiyo tu. Safari hii usawa umetiwa kapu moja na kujiandaa kwa majanga na misaada ya dharura, chini ya Hadja Lahbib wa Ubelgiji. Mama huyo, binti wa wahamiaji wa Algeria, ni mtu makini. Ila siku yenye vita Gaza, mafuriko na mkutano wa misaada ina saa 24 zilezile, na anayesubiri nje ya mlango ni usawa.

Sasa ile hesabu niliyokuambia uishike. Ili jambo lipite Bunge la Ulaya zinahitajika kura 361 kama wabunge wote wapo. EPP wakishikana na Wasoshalisti na Waliberali wanapata 401. Ndio muungano uliomchagua von der Leyen, ukisaidiwa na kura za Kijani. Lakini 188 za EPP ukizijumlisha na zile 187 za makundi yaliyo kulia kwao unapata 375. Nazo zinatosha. Katika Bunge lililopita njia hiyo haikuwapo. Siku hizi EPP wana turufu mkononi: wakishindwa kuelewana na mrengo wa kushoto, wanageukia upande wa pili. Tarehe 13 Novemba 2025 waliitumia waziwazi, wakapitisha kwa kura 382, pamoja na kura za siasa kali za kulia, kulegeza masharti yanayoyataka makampuni makubwa yachunguze haki za binadamu na mazingira katika minyororo yao ya ugavi. Jambo hilo halikuhusu wanawake moja kwa moja. Lakini sasa kila anayejadiliana na EPP anajua turufu ipo, na anapunguza madai yake kabla hata ya kukaa mezani. Hilo ndilo badiliko kubwa la 2024, na halionekani kwenye picha za viongozi.

Usinielewe kwamba kila kitu kimefungwa. EPP wenyewe hawana kauli moja kuhusu mambo haya. Mhafidhina wa Finland na mhafidhina wa Poland wanaweza kukaa kundi moja na wasiongee lugha moja kuhusu mwili wa mwanamke. Wananchi zaidi ya milioni moja walitia saini ombi la kutaka Umoja wa Ulaya usaidie gharama za wanawake wanaolazimika kwenda nchi nyingine kutoa mimba kwa usalama, na Desemba 2025 Bunge hilihili, lenye wanawake pungufu na mrengo wa kulia uliopanda, likaliunga mkono. Wapo wanaoliona jambo hilo kwa jicho la dini na sitawabeza. Nakupa mfano huu uone kwamba hesabu ya viti haimalizi habari.

Mara nyingi Bunge silo kizuizi. Kizuizi ni Baraza la Mawaziri, yaani serikali za nchi zenyewe. Miaka kumi nzima agizo la wanawake katika bodi za makampuni lilikaa kabatini. Maagizo, kwa asiyejua, ni sheria ambazo Umoja huzipitisha kisha kila nchi hupewa muda wa kuziingiza katika sheria zake. Hilo lilipendekezwa na kamishna Viviane Reding mwaka 2012. Serikali kadhaa zikalizuia, Ujerumani ikiwa ndiyo nzito kuliko zote. Mwaka 2021 Wajerumani wakabadilisha serikali, serikali mpya ikaondoa pingamizi, na Novemba 2022 agizo likapita: makampuni makubwa yaliyo kwenye soko la hisa yawe, kufikia 30 Juni 2026, na angalau asilimia 40 ya jinsia yenye wachache miongoni mwa wajumbe wa bodi wasio watendaji, au asilimia 33 ya wakurugenzi wote. Kilichoifungua sheria ya bara zima kilikuwa uchaguzi wa nchi moja.

Jingine halikupata bahati hiyo. Oktoba 2010 Bunge la Ulaya lilipiga kura likizo ya uzazi iwe majuma 20 yenye malipo kamili. Mawaziri wakaikalia mpaka 2015 Kamisheni ikaliondoa pendekezo. Ndiyo maana kiwango cha chini cha Umoja kimebaki majuma 14 tangu agizo la mwaka 1992. Wewe uliye Sweden, penye siku 480 za malezi zinazogawanywa baina ya wazazi wawili, huhisi hilo. Mwenzako anayefanya kazi ileile nchi nyingine ya Umoja anaweza kulihisi sana.

Hata agizo la ukatili dhidi ya wanawake, lililopitishwa Mei 2024, majuma machache kabla ya uchaguzi wako, lilipunguzwa makali na serikali. Ndani yake ukeketaji, ndoa za kulazimishwa na kusambaza picha za faragha za mtu bila idhini yake ni makosa ya jinai katika Umoja wote, na nchi zina hadi Juni 2027 kulitekeleza. Lakini kifungu kilichosema kwamba kumwingilia mtu bila ridhaa yake ni ubakaji kiliondolewa. Ufaransa na Ujerumani zilikuwa miongoni mwa waliokipinga, zikidai Umoja hauna mamlaka hayo. Kisha ikaja kesi ya Avignon. Gisèle Pelicot, mama aliyeleweshwa dawa na mumewe kwa miaka na kubakwa na wanaume kadhaa, alikataa kesi isikilizwe faragha, na Desemba 2024 wanaume 51 wakatiwa hatiani. Oktoba 2025 Ufaransa ikaiingiza ridhaa katika sheria yake. Sweden ilikuwa imefanya hivyo tangu Julai 2018. Nchi iliyokikataa kifungu Brussels ikakikubali nyumbani kabla ya miaka miwili kupita, kwa sababu bibi mmoja wa miaka zaidi ya 70 alisema aibu haimstahili yeye.

Mwelekeo wa kurudi nyuma nao upo. Mkataba wa Istanbul wa kuzuia ukatili dhidi ya wanawake ulipata nguvu za kisheria kwa Umoja wenyewe Oktoba 2023. Latvia iliuridhia mwishoni mwa mwaka huohuo, na miaka miwili baadaye, Oktoba 2025, bunge lake likapiga kura kujitoa. Maelfu wakamiminika mitaani Riga, Rais akaurudisha muswada, wabunge wakausogeza mbele hadi baada ya uchaguzi wao wa 2026. Ni nchi ndogo, lakini ingekuwa ya kwanza ndani ya Umoja kujitoa, na wengine wanaitazama.

Haya, mshahara wako.

Habari hii ina mizizi mirefu kuliko Bunge la Ulaya. Mkataba wa Roma wa mwaka 1957, ulioasisi jumuiya iliyozaa Umoja wa leo, ulikuwa na Ibara ya 119: mwanamume na mwanamke walipwe sawa kwa kazi sawa. Haikuwekwa kwa huruma. Ufaransa ilikuwa na sheria hiyo tayari na iliogopa viwanda vyake kushindwa na vya majirani waliowalipa wanawake kidogo. Ibara ikalala usingizi. Aliyeiamsha ni mhudumu wa ndege wa Ubelgiji, Gabrielle Defrenne, ambaye mkataba wake ulimlazimisha kuacha kazi akifika miaka 40, sharti ambalo wanaume wa kazi ileile hawakuwa nalo, na mshahara wake ulikuwa chini ya wao. Mwaka 1976 Mahakama ya Ulaya ikasema ibara ile inaweza kudaiwa mahakamani moja kwa moja na mtu binafsi. Kesi ya mwanamke mmoja mwenye trei mkononi ikawa haki ya mamilioni.

Hata hivyo haki hiyo ilikuwa na tundu: utadaije usawa wa mshahara wakati hujui mwenzako analipwa nini? Wewe uligundua kwa bahati. Wengi hawagundui mpaka wanastaafu. Mwaka 2023 pengo la malipo ya saa baina ya wanaume na wanawake katika Umoja lilikuwa bado asilimia 12. Ndipo likaja agizo la uwazi wa mishahara la mwaka 2023, ambalo nchi zilipewa hadi 7 Juni 2026 kuliingiza katika sheria zao. Nalipenda agizo hili kuliko hotuba zote za 8 Machi. Mwajiri atamwambia mwombaji kazi mshahara au kiwango chake kabla ya makubaliano. Haruhusiwi kumuuliza alikotoka alilipwa kiasi gani, swali ambalo humfanya mwanamke aburute ujira wake mdogo kutoka kazi hadi kazi. Mfanyakazi ana haki ya kuomba, na kujibiwa kwa maandishi, wastani wa malipo ya wanaume na wa wanawake wanaofanya kazi kama yake. Makampuni yenye watu 100 na zaidi yatatoa ripoti, na pengo likifika asilimia 5 bila sababu inayoeleweka, mwajiri atakaa na wawakilishi wa wafanyakazi walichunguze. Na ukifungua kesi ukaonyesha dalili za ubaguzi, mwajiri ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua.

Kuna maneno mawili ndani yake nataka uyakariri: thamani sawa. Sheria haisemi kazi ileile tu. Inasema pia kazi yenye thamani sawa, ikipimwa kwa ujuzi, juhudi, wajibu na mazingira ya kazi. Kumnyanyua mzee mwenye kiharusi kutoka kitandani saa 12 asubuhi, kumpa dawa zake kwa mpangilio, kutambua kwa uso wake tu kwamba usiku haukuwa mwema: hiyo ni kazi yenye uzito gani ukiilinganisha na ya fundi anayekarabati mabomba ya nyumba hiyohiyo? Kwa miaka mingi jibu lilitolewa kwa mazoea, kwamba kutunza watu ni tabia ya wanawake tu, ujuzi hakuna. Ni hapa, kwenye kupima upya kazi za mikono ya wanawake, ndipo naona siasa za mageuzi zikifanya kazi yake halisi barani Ulaya, uchaguzi ushindwe au ushinde.

Unaona basi kwa nini 2024 inakugusa. Maagizo haya yalipitishwa na Bunge lililopita, na hakuna aliyeyafuta. Hatari iliyopo ni ya kisima kukauka taratibu: yaliyopo yatekelezwe kwa ulegevu, na mapya yasiletwe. Mfano wa ukavu huo ni pendekezo la mwaka 2008 la kupiga marufuku ubaguzi wa dini, umri, ulemavu na mwelekeo wa kijinsia nje ya kazi, kwa mfano katika nyumba, maduka na huduma. Linahitaji serikali zote 27 zikubali, hata moja isikatae. Februari 2025 Kamisheni ikaliweka kwenye orodha ya kuondolewa, na ikabidi vyama vya kiraia vipige kelele. Kama unajifunga mtandio, au una mama aliyezeeka anayetafuta nyumba ya kupanga, pendekezo hilo lilikuwa lako.

Nimetaja mtandio kwa makusudi. Utasikia wanasiasa wa mrengo mkali wa kulia wakizungumzia usalama wa wanawake, hasa wakitaka kuwazuia wahamiaji. Pima maneno yao kwa kura zao: waliungaje mkono uwazi wa mishahara? Mkataba wa Istanbul je? Mwanamke mwenye asili ya Afrika hupigwa pande mbili, na Ulaya imeona hilo waziwazi kwa Cécile Kyenge, daktari aliyezaliwa Kambove, Katanga, penye Kiswahili mitaani na sokoni kama kwetu. Alipokuwa waziri wa Italia mwaka 2013, alirushiwa ndizi mkutanoni na seneta mmoja akamfananisha na nyani. Aliendelea, akaingia Bunge la Ulaya 2014 na kukaa miaka mitano. Na katika orodha ya Kijani ya nchi yako yumo Alice Kuhnke, ambaye baba yake ni Mgambia, aliyechaguliwa tena 2024. Ni wachache mno katika Bunge la watu 720. Idadi ya wanawake ikihesabiwa bila kuuliza ni wanawake gani, wewe na mimi tunabaki nje ya hesabu.

Kwa upande wako, fanya mambo mawili. Sheria ya Sweden ya kupinga ubaguzi, hata kabla ya agizo la Ulaya, inamtaka kila mwajiri afanye uchunguzi wa mishahara kila mwaka akilinganisha wanawake na wanaume, na mwenye wafanyakazi kumi au zaidi auweke kwenye maandishi. Unaitwa lönekartläggning. Mwombe mwakilishi wa chama chako cha wafanyakazi auone wa mwaka huu, akutafutie mahali kazi yako ilipowekwa na imelinganishwa na kazi gani. Andika tarehe uliyoanza kumfundisha yule kijana, na mambo uliyomfundisha. Wakigoma kukujibu, ofisi ya Diskrimineringsombudsmannen hupokea malalamiko ya ubaguzi, na huhitaji wakili kuyapeleka.

La pili ni tarehe 13 Septemba 2026, uchaguzi wa Riksdag. Waziri atakayekaa kwa niaba ya Sweden katika lile Baraza la Brussels, aseme ndiyo, aseme hapana, au akalie faili miaka kumi, atatoka humo. Wagombea wakija kwenye kituo chenu kunywa kahawa na wazee, waulize kuhusu thamani sawa, na uwataje wazee unaowahudumia kwa idadi na kwa saa.